Uwanda wa Wote

Al-Malqa, Riyadh
14 Januari 2014

Dada Asumpta,

Usishtuke kupata barua ya karatasi siku hizi. Simu yangu iliharibika. Anayekuletea hii ni Onesmus, dereva wetu, Mkenya mwenzetu wa Kitale. Kila baada ya wiki kadhaa anampeleka mama yake madam kwa ndugu zake huko Jeddah, na hospitali yenu anaijua. Ni mtu wa kanisa, hawezi kuifungua. Ukijibu, mpe yeye mkononi, usimpe mtu mwingine.

Mimi ni mzima. Mwaka na miezi miwili nilikuwa wa jikoni na kupiga deki, lakini mwezi uliopita nilihamishwa. Sasa namtunza baba yake bosi. Wote humu wanamwita Baba Mzee. Sukari imemla macho; anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Namlisha, namkata kucha, namsukuma na kiti chake mpaka barazani.

Siku ya tatu aliniuliza kwa Kiingereza kama najua kusoma. Nikamwambia nilimaliza kidato cha nne. Akaniagiza nifungue droo ya chini, nikatoa daftari la jalada gumu, limeandikwa kwa wino wa buluu, herufi ndogo kama chungu wamepanga foleni. Ni lake mwenyewe. Alisomea kilimo Uingereza akiwa kijana, na kila Jumamosi alikuwa akitembea kwenye uwanda mmoja nje ya mji na kuandika alichokiona: ndege, nyoka, maua, farasi wa watu.

Sasa kila siku baada ya sala ya Alasiri namsomea. Wanawe hawana nafasi, na wajukuu wana simu zao. Ni saa moja tu, lakini ndiyo saa ninayoingojea tangu asubuhi.

Mdogo wako,
Nekesa


Jeddah
9 Februari 2014

Nekesa,

Barua yako nimeisoma nimekaa kwenye ngazi za wadi, viatu nimevua, miguu imevimba kama viazi. Simu gani hiyo isiyotengenezeka? Riyadh nzima haina fundi?

Nafurahi umetoka jikoni. Lakini nikuonye kama dada: usimzoee sana mzee wa watu. Mimi nimewauguza hapa mwaka wa sita. Mgonjwa akikupenda anasahau kwamba nawe una kwenu. Fanya kazi yako vizuri, umalize mkataba, Oktoba urudi kwa Mama. Vumilia. Miezi minane ni kitu gani?

Mama hajambo, nilimpigia Jumapili. Anauliza mbona hupigi. Nilimwambia una kazi nyingi.

Huo uwanda ukoje? Niandikie. Huku mimi naona kuta za kijani za hospitali na bahari kupitia dirisha la basi.

Asumpta


Al-Malqa
20 Aprili 2014

Dada mpendwa,

Leo ni Pasaka, nawe nakujua umeimba kimoyomoyo tangu asubuhi kama mimi. Usiwe na wasiwasi juu yangu. Ijumaa madam alitupeleka madukani Olaya, tukala aiskrimu.

Umeuliza uwanda ukoje. Yeye anauita "komoni". Kiswahili chake kilinishinda kidogo, nikaona niuite uwanda wa wote. Si msitu na si shamba. Ni ardhi kubwa yenye mabonde madogo, udongo wake mwembamba wa mchanga, haufai kulimwa. Kuna vichaka vya miiba vyenye maua ya njano, ambavyo Baba Mzee anasema vinanukia kama nazi jua likiwaka. Kuna kangaga zinazofika kifuani, zikikauka zinakuwa rangi ya kutu. Mwezi wa nane uwanda mzima unageuka zambarau kwa maua madogo madogo. Kuna kipozamataza, yule ndege anayepanda juu akiimba mpaka humwoni, unasikia sauti tu. Kuna kalunguyeye, na sungura, na nyoka wa sumu wa aina moja tu. Moja, Dada! Anaota jua kwenye njia, ukikanyaga kwa kishindo anaondoka. Nilimwambia Baba Mzee kwetu ungewahesabu mpaka vidole viishe. Akacheka hadi akakohoa.

Nikamuuliza mwenye ardhi hiyo ni nani. Akasema yuko bwana fulani kwenye makaratasi, lakini wanakijiji wana haki yao ya tangu mababu: kuchunga ng'ombe na farasi, kuokota kuni, kukata kangaga za kulalia mifugo. Na mpita njia apite. Hakuna wa kumuuliza unatoka wapi.

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili," aliniambia. "Chuoni hakuna aliyeweza kutamka jina langu. Jumamosi walikuwa na mama zao. Mimi nilikuwa na pale."

Sasa nikupe aibu yangu. Daftari tulilimaliza mara mbili. Mara ya tatu, tulipofika ukurasa wa kidimbwi, sijui nilipatwa na nini, nikaongeza yangu: korongo wawili wenye taji wametua ukingoni, wanacheza wakiinamiana. Unawajua, wale wa malishoni kando ya mto Kuywa, tuliokuwa tukiwafukuza na Mama anatukaripia. Nikasoma kwa sauti ileile, kama kwamba imeandikwa.

Baba Mzee akainua mkono. "Rudia."

Nikarudia.

"Hilo sikuandika mimi."

"Hapana, Baba. Nisamehe."

"Hao ndege wako wapi?"

"Kwetu, Baba."

Nikangoja aite madam. Akarudisha mkono pajani. "Basi endelea. Wanakula nini?"

Tangu siku hiyo kila tukifika kidimbwini ananiuliza nini kingine kimekuja.

Nekesa


Jeddah
15 Juni 2014

Nekesa mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Rael, mwenzangu wa chumbani, ameshaijua, akiniona nimeinama anauliza, "Leo korongo wamefikaje?"

Muulize mzee wako: baridi ya huko ni ya namna gani? Ni ya kuvaa sweta mbili, au ni ya kuumiza mifupa? Mvua inanyesha siku ngapi? Na mtu mweusi akitembea kwenye huo uwanda peke yake, anasalimiwa? Muulize pia kama ni kweli saa kumi jioni huwa kumeshaingia giza.

Usinicheke. Nimeanza kozi ndogo ya Kiingereza, ya kikazi tu, na hadithi zako zinanisaidia msamiati.

Umebakiza miezi minne. Nimemnunulia Mama kitenge, utampelekea wewe.

Asumpta


Al-Malqa
2 Novemba 2014

Dada,

Baridi ni ya kuumiza mifupa, mvua inanyesha unapoisahau, na saa kumi jioni ya Desemba ni giza kweli. Kuhusu kusalimiwa, Baba Mzee anasema mtu mwenye mbwa husalimia. Asiye na mbwa huangalia chini.

Nimeamua kuongeza mwaka mmoja. Kazi si ngumu na mzee amenizoea. Mwambie Mama.

Onesmus ana haraka.

Nekesa


Jeddah
18 Januari 2015

Nekesa,

Umeamua? Na nani? Mama amelia kwenye simu. Alishapaka chumba chako chokaa. Mtu mzima anakaa chini na dada yake kabla ya kuamua jambo kama hilo, haandiki mistari minne kama anaagiza sabuni.

Lakini mimi nami sina haki ya kukugombeza, na ndiyo sababu kalamu hii imekuwa nzito tangu Krismasi. Nina neno. Ile kozi haikuwa ya kazini. Nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa kwenda kufanya kazi Uingereza. Nimefaulu. Kuna hospitali imenichukua, na tikiti imeshatoka: ninaondoka Jeddah tarehe 26 Machi. Tangu mwaka jana Mei nimekuwa nikilijua hili.

Sikukuambia kwa sababu nilihesabu kwamba Oktoba utakuwa umerudi nyumbani, nami nitakuwa nimekuacha mahali pema. Sasa ninakuacha huku, na mimi ndiye niliyekuonyesha yule ajenti wa kukuleta.

Nisamehe. Andika upesi.

Asumpta


Al-Malqa
1 Februari 2015

Asumpta,

Kwa hiyo maswali yote yale ya baridi na mvua. Nilikuwa namkatiza mzee wa watu kikombe kikiwa mdomoni ili nikuulizie. Nilidhani unapenda hadithi zangu. Nilidhani kuna mtu mmoja duniani anayengoja barua yangu kwa sababu ni yangu.

Basi nami nikuambie, tuwe sawa.

Simu yangu haikuharibika. Madam aliichukua siku niliyofika na sijaiona tena. Olaya sijawahi kwenda, wala aiskrimu sijala. Tangu Oktoba ya 2012 nimetoka nje ya geti hili mara mbili: mara ya kwanza kupimwa damu kwa ajili ya ikama, kile kibali cha kuishi huku, mara ya pili Baba Mzee alipolazwa. Barabara iliyo mbele ya nyumba ninaijua kwa milio ya magari. Na sikuongeza mwaka. Mkataba ulipoisha nilimwomba madam pasipoti, akasema mafi, yaani hakuna, bosi hajasaini ruhusa ya kutoka. Kila wiki nauliza. Kila wiki mafi.

Nilikuficha kwa sababu wewe ndiye uliyenionyesha ajenti, na nilijua itakuuma.

Nenda Uingereza. Vaa sweta mbili.

Nekesa


Jeddah
12 Februari 2015

Mdogo wangu,

Onesmus amenisubiri kwenye maegesho nikimaliza kulia, kwa hiyo itakuwa fupi.

Nilijua. Sikujua yote, lakini muuguzi anamtambua mtu anayesema hana maumivu huku ameuma shuka. Hupigi simu, barua zinapita mkononi mwa dereva, madukani unakwenda na madam anayekulisha aiskrimu. Nilijua nikachagua kuamini, kwa sababu ningekubali ningelazimika kubaki.

Nimeuliza ubalozini kwa njia ya rafiki yake Rael. Wameandika jina lako na kusema tungoje. Hospitali ya Uingereza inaweza kunivumilia mpaka katikati ya Aprili, si zaidi, halafu watampa mwingine nafasi. Niambie neno moja, Nekesa, nami nitawaandikia kwamba siendi. Nitabaki huku mpaka utoke. Neno moja tu.

Na barua zako nilizingoja kwa sababu ni zako. Maswali yalikuja baadaye.

Asumpta


Al-Malqa
10 Machi 2015

Dada yangu,

Neno lenyewe ni: nenda. Sasa nikueleze kwa nini nalisema bila hasira.

Barua yako niliificha ndani ya foronya siku mbili. Siku ya tatu, baada ya Alasiri, Baba Mzee akasema, "Fungua mwezi wa Mei." Daftari lilikuwa pajani mwangu. Sikulifungua.

"Baba, leo sisomi."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Mkataba wangu uliisha Oktoba. Sitasoma tena mpaka nijue naenda kwetu lini."

Aliisukuma chai yake pembeni. Kisha akasema, "Halas, imetosha. Nenda ndani."

Siku tisa, Dada. Kazi niliifanya yote: nilimlisha, nilimwosha miguu, nilimvalisha. Saa ile ikifika tulikaa barazani kama wasafiri wawili wanaongoja mabasi tofauti, daftari liko katikati yetu juu ya meza. Madam alisikia, akasema atanirudisha kwa ajenti nipelekwe nyumba mbaya. Lakini nilishasema, na sikuona njia ya kulirudisha neno mdomoni.

Siku ya kumi nilikuwa namnywesha supu. Akasukuma kijiko taratibu.

"Unadhani nani amekuzuia?"

"Madam, Baba."

"Madam alitaka uende. Alishapata mwingine tangu Septemba. Ni mimi niliyemwambia mwanangu asisaini."

Niliweka bakuli chini nisije nikalimwaga. Mtu huyu nimemkata kucha mwaka mzima. Nilimwambia mambo ya kwetu ambayo hata wewe sijakuambia. Nikamuuliza kwa nini, na sauti iliyotoka haikuwa ya mfanyakazi.

"Ukienda, mahali pale panakwenda na wewe," akasema. "Humu ndani hakuna mwingine anayepaona."

"Baba, pale ulikuwa unatembea bila kumwomba mtu ruhusa. Mimi hata duka la pembeni hapa silijui."

Akageuza uso kunielekea. "Hulijui vipi?"

"Sijatoka nje ya geti ila mara mbili. Miaka miwili na nusu."

Naapa hakulijua hilo. Alidhani nikimaliza kumsomea nina maisha yangu mahali fulani, kama yeye alivyokuwa nayo Jumamosi. Aliniuliza tena ni mara ngapi, nikamwambia tena mbili. Macho yasiyoona nayo hutoa machozi. Wewe muuguzi ulijua, mimi nilikuwa sijui.

Alimwita mwanawe papo hapo. Waliongea Kiarabu, bosi akipinga, mzee akigonga fimbo sakafuni. Nilielewa ya kutosha. Bosi alipotoka alinipita mlangoni bila kuniangalia, akasema, "Wiki mbili."

Kisha Baba Mzee akaomba jambo. Mvua za mwezi uliopita zimeotesha nyasi jangwani, na watu wa hapa huenda kwenye bonde moja nje ya mji, wanaliita rauda, kutandika mazulia na kunywa kahawa. Ijumaa iliyopita tulikwenda, familia yote na magari matatu. Kiti hakikuweza kupita kwenye tope, ikabidi Onesmus ambebe mgongoni mpaka penye zulia.

"Kuna nini?" akaniuliza.

Nilimwambia kilichokuwepo, sikuongeza kitu. Nyasi fupi, nyembamba, upepo unazilaza upande mmoja. Maua ya zambarau yasiyozidi ukucha. Ngamia kumi na moja wa mtu mwingine, na mtoto wao mweupe. Hudihudi anachokoa udongo. Na kipozamataza, Dada, alikuwepo. Baba Mzee alimsikia kabla yangu, akainua kidole.

Baadaye akasema, "Niache hapa. Nenda utembee."

Nilimwangalia madam, naye akaangalia pembeni. Nikaenda. Mwanzoni nilikuwa nageuka kila hatua kumi kuona nani anakuja nyuma. Hapakuwa na mtu. Nilitembea mpaka magari yakawa kama vijiwe, mpaka penye mfereji mkavu, nikasimama pale. Hakuna aliyeniita. Nilitamani mtu aniite, ona mambo hayo. Nilikuwa nimesahau jinsi mtu anavyokaa peke yake mahali pasipo na ukuta.

Niliporudi aliniuliza nimefika wapi. Nikamwambia mfereji.

"Mbona umerudi haraka?" akasema.

Jana alitaka kunipa daftari niondoke nalo, nikakataa. Onesmus amekubali kumsomea siku ambazo hana safari. Sijamsamehe, Dada, na nitamkosa. Usiniulize vinakaaje pamoja ndani ya mtu mmoja.

Tikiti yangu inapitia Jeddah, tarehe 26 Machi. Nilimwomba Onesmus amwambie bosi anikatie ya siku hiyo, na kwa mara ya kwanza humu ndani nikakubaliwa kitu bila kuuliza mara ya pili. Nitafika saa mbili asubuhi. Ndege yako, Onesmus ameniambia, ni saa saba mchana. Hesabu mwenyewe.

Nekesa


Uwanja wa ndege, Jeddah
26 Machi 2015, alasiri

Asumpta,

Ndege yako imeondoka kama saa mbili zilizopita. Yangu bado. Anwani uliyoniandikia kiganjani nimeihamishia kwenye bahasha kabla jasho halijaifuta. Barua hii nitaituma Mama akishanishiba.

Nilikuwa nimepanga cha kukuambia. Kutoka Riyadh nilikuwa nakipanga kichwani: habari za ajenti, kwamba hilo limekwisha na usilibebe tena, habari za Mama, jinsi nilivyokasirika na jinsi hasira ilivyoondoka. Halafu nikakuona pale mlangoni na masanduku mawili, na koti zito umelivaa katika joto hili kwa sababu halikuingia sandukuni, na vyote vikanitoka. Ulisema, "Umekonda." Nami nikasema, "Una mvi." Miaka miwili na nusu katika nchi moja, na hayo ndiyo tuliyoanza nayo.

Tukakaa sakafuni karibu na nguzo. Ulikuwa umetoka zamu yako ya mwisho alfajiri. Ulikataa kuwaacha wenzako pungufu, nakujua. Ulitoa chapati alizopika Rael, ukanimegea kama unavyonimegea tangu utotoni, kipande kikubwa kwangu. Ukaniambia, "Ngoja nilaze kichwa dakika tano, halafu unihadithie yote tangu mwanzo."

Uliniuliza baadaye mbona sikukuamsha. Ulikasirika, na muda wa kukueleza haukuwepo, walishaita jina lako mara mbili. Nakueleza sasa.

Dakika tano zilipokwisha nilikutazama. Mdomo ulikuwa umeachama kidogo kama zamani tulipolala kitanda kimoja. Viatu ulikuwa umevua na miguu imevimba kweli. Watu walipita na mikokoteni yao, mtangazaji akatangaza kwa lugha tatu, wewe hukusikia. Mfagiaji mmoja alikuja na deki yake. Alipotufikia alitutazama, akapitisha maji kutuzunguka, hakutuambia tuhame. Nikasema moyoni, nitamwamsha wakiita abiria. Halafu nikasema, nitamwamsha nusu saa kabla. Mambo yale yote yanaweza kuandikwa, Dada. Tumeshajua kuandikiana. Lakini hakuna barua ambayo mtu anaweza kuiegemea akalala.

Kwa hiyo tulikuwa pamoja saa nne, na karibu saa tatu kati ya hizo ulikuwa umelala. Nilizihesabu zote. Sikusogea hata kukunja mguu.

Bega langu la kushoto lilikufa ganzi. Sasa hivi linaanza kurudi, linachoma kama sindano. Mama mmoja aliyekaa hapa kando yangu ameniona nikilishika, akaniambia nilisugue ganzi iishe. Nimemshukuru. Sijalisugua.

Mdogo wako,
Nekesa